Karatasi za Sabuni, Pakiti za Unga

Ukimuuliza mtu wa rika langu Rexona ni nini, atakuambia ni ile ya kupaka kwapani. Muulize mamangu, atakuambia ni sabuni. Ya kuogea, iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Naanza na sabuni kwa sababu historia ninayotaka kuwasimulia imebandikwa kwa hiyo karatasi, na sisemi kwa mafumbo.

Mwaka wa 1987 mwalimu mmoja Mkenya, Rosemary Karuga, alistaafu. Alikuwa anakaribia miaka 60. Zaidi ya miongo mitatu iliyopita alikuwa amesomea sanaa Makerere, akarudi nyumbani, akashika chaki. Sasa chaki imewekwa chini, muda upo, na mikono inataka kazi. Lakini rangi ni ghali. Turubai ni ghali. Hata karatasi nzuri ni ghali kwa mtu wa pensheni. Alichokuwa nacho ni kile ambacho nyumba yoyote Kenya inacho: pakiti ya unga iliyoisha, karatasi ya sabuni iliyofunguliwa. Akazikata vipande vidogo vidogo, akatafuta gundi, akaanza kubandika kimoja kimoja, watu wa kijijini na wanyama wao. Ukiziangalia kazi zake kutoka mbali unadhani ni brashi iliyopita hapo. Ukisogea ndio unaona ni karatasi, na wakati mwingine kiherufi cha tangazo kinakuchungulia kutoka mgongoni mwa mnyama.

Jina lake sikulijua mpaka mwaka jana. Na sikulipata kwa kitabu wala chuoni. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Nililipata kwenye ukumbi wa shule ya msingi ya umma huku Eastlands.

Shule sitaitaja. Mwalimu mkuu aliniomba nisiitaje, na mkimaliza kusoma mtaelewa mbona. Kuna mchoraji wa mtaani kwetu, jamaa wa mabango ya saluni na michoro ya matatu, ambaye landlord alikuwa amemfungia chumba. Mwalimu mkuu akampa ufunguo wa stoo ya madawati mabovu kwa muhula mmoja. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna ofisi iliyoulizwa. Masharti yalikuwa mawili: asivute sigara ndani, na kila Ijumaa baada ya masomo akae na watoto. Muhula ulipoisha, ukumbi ulifunguliwa siku mbili, mtu yeyote aingie. Picha zake zilining'inia upande mmoja, za watoto upande mwingine, na katikati meza za watu wa mtaa. Fundi wa viatu alileta sandali alizochonga nyayo zake kwa taili kuukuu. Kuna mama aliyeleta vitambaa vya makochi alivyofuma miaka ishirini, vyote, akavipanga kwa rangi kama duka.

Mtoto mmoja wa Gredi ya 5 alikuwa ametengeneza ng'ombe kwa pakiti za unga. Nilikuwa nimesimama hapo nikitabasamu kama mjinga, na kando yangu kuna mama mzee, mwalimu mstaafu. Akasema, "Huyu anafanya kama Karuga." Nikauliza, Karuga gani? Akaniangalia vile mwalimu humwangalia mtoto ambaye hakufanya homuwaki.

Basi nikaenda kuifanya.

Ili kumwelewa Karuga lazima turudi kwenye veranda moja Kampala. Margaret Trowell alikuwa Mwingereza aliyesomea sanaa London. Alikuja Kenya mwaka wa 1929 na mumewe, Hugh, ambaye alikuwa daktari, wakakaa Machakos, kisha mwaka wa 1935 wakahamia Uganda. Mwaka wa 1937 Trowell alianza kufundisha kuchora nyumbani kwake, kilima cha Mulago, kwenye veranda. Shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo imebeba jina lake, ilianzia hapo. Hapakuwa na studio wala idara. Kulikuwa na kivuli cha paa, mwalimu mmoja, na watu waliotaka kujaribu.

Mwaka uliofuata, 1938, kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana pale Kampala. 1939 zikavuka bahari, zikaonyeshwa London katika Imperial Institute. Tafadhali kumbuka huo mpangilio kwa sababu nitaurudia: kwanza kanisa la mtaa, watu waone watoto wao wanafanya nini, halafu London.

Trowell alikuwa na njia yake. Badala ya kuweka chungu mezani na kusema chora chungu, alisimulia kisa au akaeleza mandhari kwa maneno, kisha wanafunzi wachore walichokiona kichwani mwao. Njia nzuri, naamini hata leo ingefaa. Lakini kuna upande wake unaonikera. Trowell alikuwa ameshaamua Mwafrika ni nani, na kwamba akifundishwa sana mambo ya Ulaya ataharibika. Nia yake huenda ilikuwa kumlinda. Lakini mtu mzima akitaka kujua Wazungu wanachanganya rangi vipi, si umwonyeshe tu, achague mwenyewe? Alipostaafu mwaka wa 1958, Cecil Todd aliyeshika nafasi yake alifungua hayo madirisha, akaleta historia ya sanaa ya Ulaya darasani, na wengine wakalalamika kwamba amefungua kupita kiasi. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Nenda baa yoyote wanakokunywa wachoraji Nairobi utausikia.

Kutoka kwa ile veranda walitoka watu. Gregory Maloba, Mkenya wa Magharibi, alichonga sanamu aliyoiita Kifo mwaka wa 1941, akiwa bado kijana mdogo, akaishia kuwa mwalimu hapo hapo Makerere. Ukifika Kampala, lile mnara la Uhuru la mama anayemwinua mtoto juu, la 1962, ni mkono wake. Sam Ntiro, Mchaga wa Tanganyika, alichora mashamba ya kwao na watu wakifanya kazi pamoja, kisha nchi yake ilipopata uhuru akatumwa kuwa balozi London. Elimo Njau, naye Mchaga, wa Marangu, nitamfikia.

Lakini kwa kila Maloba kulikuwa na wahitimu waliopanda gari la moshi na diploma yao, wakarudi kufundisha. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya sanaa hupita mbio. Makerere ilitoa wachoraji, ndiyo, lakini zaidi ilitoa walimu.

Karuga alizaliwa Meru mwaka wa 1928. Aliingia Makerere 1950, akamaliza 1952. Wanawake walikuwa wameanza kukubaliwa Makerere mwaka wa 1945 tu, na yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza katika shule ya sanaa. Alisoma ubunifu, uchoraji na uchongaji. Fikiria hiyo picha: msichana Mwafrika, miaka ya mwanzo ya 50, Kenya inaingia kwenye Hali ya Hatari, na yeye yuko Kampala na udongo mikononi. Halafu anarudi, anafundisha, na kazi zake mwenyewe zinanyamaza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sipendi vile hadithi yake husimuliwa wakati mwingine, kama kwamba kipaji kililala kikaamka siku moja. Kipaji hakilali. Shangazi yangu ni mwalimu. Kila jioni anarudi na vitabu sitini vya kuweka alama, anapika, anaweka alama, analala. Jumamosi ni kufua, Jumapili kanisa. Mwambie shangazi achore. Mwambie anunue rangi za maji na mshahara ambao tarehe kumi umeshaisha. Ualimu ndio ulimpa Karuga mkate, na ndio uliomla. Sane Wadu, yule mchoraji wa Ngecha, naye alikuwa mwalimu. Yeye aliacha kazi ili achore, na watu wakamwona kichaa, ndio akajipa jina la Sane, yaani mwenye akili timamu. Hilo jina linachekesha mpaka ukumbuke linajibu nini.

Na shule zenyewe? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Sanaa na Ufundi lilikuwa somo la mtihani katika shule za msingi. Watu waliosoma miaka hiyo watakuambia kuhusu vikapu na vijiko vya mbao, na vile wazazi ndio walivitengeneza usiku wa kuamkia mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa na sanaa ikatolewa kwenye mtihani. Haikufutwa kwenye ratiba, iliachwa hapo kama jina la marehemu kwenye rejista. Mimi nilisoma enzi hiyo. Kipindi cha sanaa kilikuwa Alhamisi baada ya lanchi, na kila Alhamisi baada ya lanchi mwalimu wa Hesabu aliingia. Hatukuuliza. Darasa la nane nilikuwa na daftari la kuchora ambalo lilikuwa na kurasa tatu zimetumika, moja yao ni bendera.

Sasa Njau. Alipita Makerere miaka hiyo ya 50, na mwaka wa 1959 akamaliza michoro mitano mikubwa ukutani mwa kanisa kuu la Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall. Yesu anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi wake, anaomba, anasulubiwa, na yote yanatendeka Gikuyu, kati ya matuta na migomba, na watu ni weusi. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa rasmi. Kumchora Kristo Mwafrika kwenye ukuta wa Waanglikana, mwaka huo, mji huo, halikuwa jambo la mapambo.

Baadaye Njau alianzisha jumba la sanaa kwao Marangu, chini ya mlima, akaliita Kibo. Na mwaka wa 1965, Nairobi, yeye na mkewe wa wakati huo Rebeka Njau, ambaye alikuwa mwandishi na mwalimu, pamoja na wenzao kama mshairi Jonathan Kariara, mwanahabari Hilary Ng'weno na wakili Pheroze Nowrojee, walianzisha Paa ya Paa. Ilianzia katikati ya jiji, ikahamia Ridgeways, upande wa barabara ya Kiambu.

Jina hilo ni tamu kwa anayejua Kiswahili. Paa ni mnyama, yule mdogo mwenye mbio. Kupaa ni kuruka juu. Wenyewe walimaanisha paa anayepaa, mnyama wa kuchongwa wa kuuzia watalii ambaye siku moja anaamua kuinuka na kwenda zake. Lakini mimi kila nikiliandika naona maana ya tatu, ya juu ya nyumba. Kitu cha kukukinga mvua. Kwa sababu hicho ndicho walichompa Karuga.

Alipostaafu, Paa ya Paa ilimpokea kama msanii mkaazi. Kwa wale ambao neno ni geni: mahali fulani wanakupa nafasi ya kufanyia kazi, pengine na kitanda, kwa muda fulani, na wewe unafanya kazi yako. Wenye taasisi huiita residensi. Ni kitu rahisi sana, chumba na muda. Karuga alikuwa na elimu tangu 1952. Alikuwa na macho, alikuwa na mikono, na pakiti za unga zilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni chumba na muda, na mtu mwingine ndani ya nyumba anayeona kwamba unachofanya ni kazi, si kukaa bure.

Angalia kasi iliyofuata. Mwaka wa 1990 Studio Museum kule Harlem, New York, iliandaa maonyesho ya wasanii tisa wa Afrika. Karuga alikuwa mmoja wao, mwanamke pekee. Kati ya wale wanane wengine alikuwemo El Anatsui, Mghana aliyeishi Nigeria, ambaye miaka kadhaa baadaye angejulikana dunia nzima kwa kushona vifuniko vya chupa kuwa mapazia makubwa ya kung'aa. Sisemi alijifunza kwa Karuga. Nasema tu kwamba mwaka wa 1990, katika jengo hilo moja, aliyeleta pakiti ya unga ni mwalimu mstaafu kutoka Kenya. Baada ya hapo alitengeneza kolaji za kitabu cha Amos Tutuola, kile cha mlevi wa pombe ya mnazi, zikaonyeshwa Paris.

Kutoka pakiti ya unga hadi Harlem, miaka mitatu. Nilipohesabu nilikasirika badala ya kufurahi. Kwa sababu kama miaka mitatu ilitosha, ile mingine thelathini ilikuwa ya nini?

Na sasa kumbukeni ule mpangilio wa Namirembe. Kanisa la mtaa kwanza, London baadaye. Kwa Karuga, wengi wetu tulimsikia baada ya Harlem na Paris, kama tulimsikia kabisa. Alihamia Ireland uzeeni kuishi karibu na bintiye, akafariki huko Februari 2021, akiwa na miaka 92. Mwaka huo nilikuwa Nairobi, nilikuwa bado mwanafunzi, nilikuwa ninajiita mpenzi wa sanaa kwenye wasifu wangu wa Twitter. Sikuona hata tanzia moja.

Paa ya Paa nayo iliungua. 1997, moto uliingia, ukala picha, sanamu, vitabu. Njau na mkewe Phillda waliendelea kukaa pale na kupokea watu, lakini vilivyoungua viliungua. Kabla ya hapo, 1995, Kuona ilikuwa imeanzishwa kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi, ikawapa vijana studio, na wengi wa wachoraji tunaowajua leo walipita mikononi mwake. Kisha GoDown, 2003, kwenye bohari za Industrial Area. Historia hiyo imeandikwa na wenyewe, sitairudia. Ninachotaka kusema ni kwamba hizi zote zilijengwa nje ya shule, kama kwamba tulikubaliana kimyakimya kuwa shule ni mahali pa kuondoka ndio usanii uanze.

Ilhali shule ndizo zenye nafasi. Mtaa wetu hauna jumba la sanaa, hauna maktaba, uwanja uliuzwa. Shule ina ukumbi, ina choo, ina lango na mlinzi, ina watoto mia kadhaa ambao kila mmoja atamvuta mzazi. Saa kumi jioni inafungwa, na likizo ikifika inakaa tupu mwezi mzima. Zile siku mbili za maonyesho nilihesabu watu kwa saa moja tu nikafika mia na kitu nikachoka. Walikuja na sare za kazi, makondakta, walinzi wa usiku waliotakiwa kuwa wamelala. Mama wa vitambaa aliuza sita. Fundi wa viatu hakuuza chochote lakini alikaa siku zote mbili kwenye kiti chake akieleza watu taili ya lori inavyokatwa, na sijawahi kumwona ameongea hivyo kibandani kwake.

Mtaala mpya, huu wa CBC, umerudisha sanaa darasani. Nimeona vitabu vya watoto, wanafanya kolaji, wanafinyanga. Walimu wanalalamika kwamba mzazi ndiye anayenunua kila kitu, na ni kweli. Lakini mtoto wa Gredi ya 5 anajua neno kolaji, na mimi kwa umri wake nilijua bendera.

Januari Gredi ya 9 ilipoanza, shule za msingi ziliambiwa ziwaweke hao wanafunzi, na madarasa hayakutosha. Stoo ikahitajika. Mtaala uliorudisha kolaji ndio uliotaka chumba. Mwalimu mkuu hakuwa na la kufanya, alimwita jamaa, akamwelezea kwa heshima, akampa wiki moja. Nilimsaidia kuhama. Madawati mabovu tuliyabeba hadi nyuma ya jikoni, tukayafunika kwa mabati. Ukutani mwa stoo alikuwa amechora kitu alichokuwa hajamaliza, foleni ya watu kwenye kituo cha basi wakati wa mvua, na fundi wa rangi alikuwa tayari amefika na ndoo ya krimu, anasubiri tumalize.

Mwalimu mkuu alikuja akaiangalia ile foleni. Akamwambia fundi aanze na kuta zile zingine tatu, hii aiache mpaka atakaporudi. Kisha akaenda ofisini. Wiki iliyopita nilipita pale kumchukua mtoto wa dadangu, nikachungulia dirishani. Gredi ya 9 walikuwa ndani wanasoma, na nyuma yao bado kunanyesha.